Waliohesabiwa Wakipanda, Waliosahauliwa Wakishuka

Bwawa la Bonneville lilipoanza kazi mwaka 1938 kwenye Mto Columbia, mpakani mwa majimbo ya Oregon na Washington huko Marekani, wahandisi wake walitamba kwa ngazi za samaki. Samoni waliokomaa, wakitoka baharini kwenda kutaga juu mtoni, walipanda kidimbwi baada ya kidimbwi, na pembeni alikaa mtu akiwahesabu. Hesabu hiyo inaendelea hadi leo. Watoto wao, wanaoshuka baharini wakiwa hawajafika hata shubiri moja, hawakuwa na wa kuwahesabu. Wengi waliamini kwamba viumbe wadogo namna ile wangepenya salama kati ya mapanga ya turbaini.

Harlan Holmes, mtaalamu wa samaki wa serikali, alitaka ushahidi. Alitia alama vifaranga, akawaachilia wengine juu ya bwawa na wengine chini yake, kisha akangoja miaka kuona ni wangapi wangerudi wakiwa wakubwa. Wale wa juu walipungua kwa asilimia 11 hadi 15. Kwa bwawa moja, hasara hiyo inaweza kuonekana ndogo. Lakini mabwawa yaliongezeka: McNary, The Dalles, John Day, pamoja na manne kwenye Mto Snake, unaoingia Columbia, la mwisho likiwa Lower Granite mwaka 1975. Samaki wa Idaho, jimbo lililo juu mtoni, akawa na mabwawa manane mbele yake. Ukipiga hesabu ya asilimia 15 mara nane, katika kila vifaranga 100 wanabaki 27.

Bwawa la The Dalles lilizamisha maporomoko ya Celilo mwaka 1957, mahali ambapo wenyeji wa asili walikuwa wamevua kwa maelfu ya miaka. Mikataba ya mwaka 1855 iliwahakikishia haki ya kuvua katika maeneo yao ya kawaida. Haikusema lolote juu ya mto uliogeuzwa msururu wa maziwa.

Miaka ya 1960 watafiti walipiga vifaranga chapa za baridi kali ubavuni na kuwanasa tena chini mtoni. Ndipo ikajulikana kwamba turbaini haikuwa muuaji pekee. Maji yakimwagwa kwa kishindo kutoka juu ya bwawa husukuma hewa kilindini. Naitrojeni huzidi, na mapovu hujitokeza ndani ya mwili wa samaki kama yanavyomtokea mzamiaji anayeibuka haraka. Baadhi ya vifaranga wakaanza kupakiwa kwenye malori na matishali, wakasafirishwa hadi chini ya Bonneville. Samaki kusafirishwa mtoni kwa meli! Hata hivyo walizidi kupungua. Mwaka 1992 samoni mwekundu mmoja tu, dume, alirudi Ziwa Redfish, umbali wa kilomita zipatazo 1,450 kutoka baharini.

Wakati huo kifaa kilichobadilisha hesabu kilikuwa tayari kimeingia mtoni. Earl Prentice na wenzake walikijaribu miaka ya 1980: kichupa cha kioo chenye urefu wa milimita 12, kisicho na betri, kinachodungwa tumboni mwa kifaranga, awe samoni au stilihedi, jamaa yake wa jamii ya trauti. Kikipita kwenye antena huamshwa na uga wa sumaku wa antena hiyo na kutaja namba ambayo hakuna samaki mwingine anayo. Lakini asiyesikika amekufa, au amepita pengine? Jibu lilitoka kwa wanatakwimu Cormack, Jolly na Seber, waliokuwa wameandika kanuni zao katikati ya miaka ya 1960. Samaki aliyekosekana bwawa la juu kisha akasikika la chini alikuwa hai muda wote. Idadi ya wa namna hiyo inaonyesha antena ya juu hukosa wangapi, na hapo wafu wanaweza kukadiriwa. Kwangu mimi hapa ndipo penye werevu mkubwa kuliko hata kile kichupa.

Namba za vichupa zimeokotwa hata kwenye Kisiwa cha East Sand, karibu na mdomo wa mto. Mnandi na jamaa za shakwe wakishaondoka, watafiti hupitisha vifaa vyao juu ya viota vitupu na kusoma namba za walioliwa.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, antena zilikuwa kwenye mifereji ya kuwakwepesha samaki turbaini. Waliopita na maji yanayomwagwa, njia ambayo, licha ya ile hatari ya naitrojeni, jaji James Redden aliamuru itumike zaidi kiangazi cha mwaka 2005 katika kesi juu ya mabwawa haya, hawakusikika. Lower Granite lilipata antena kwenye njia hiyo mwaka 2020 tu.

Kiwango kilichowekwa mwaka 2008 kwa vifaranga wanaoshuka majira ya kuchipua kilidai asilimia 96 wavuke salama kila bwawa. Mara nane, hiyo ni 72 kati ya 100, kabla ya kuwaondoa wanaoliwa au kuchoka katika maji yaliyotuama. Bado kuna wanaofia baharini miezi kadhaa baadaye, mbali na antena yoyote. Wanaotaka mabwawa manne ya Snake yabomolewe wanasema vifo hivyo ni deni la mabwawa. Wanaoyatetea wanailaumu bahari. Desemba 2023 serikali ya Marekani ilikubaliana na makabila manne ya wenyeji wa asili na majimbo ya Oregon na Washington kusitisha kesi hiyo na kuwarejesha samaki kwa fedha na utafiti. Juni 2025 Rais Donald Trump aliufuta mpango huo, na mgogoro ukarudi mahakamani.