Uhuru wa Programu na Mazoea ya Askari
Itakumbukwa kwamba mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, akidai kila mwenye kompyuta awe huru kuichunguza na kuibadili programu anayoitumia. Dai hilo ni la haki. Lakini karani ofisini hatafuti falsafa. Anataka barua yake ifunguke. Nchini Ujerumani, Halmashauri ya Jiji la Munich iliamua mwaka 2003 kuiacha Windows na kushika Linux. Mwaka 2017, huku baadhi ya wafanyakazi wakinung'unika, ikapiga kura kuirudia.

Katika nchi jirani ya Ufaransa, kikosi cha Gendarmerie, ambacho ni jeshi lenye kazi za polisi, kilikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 2005 kilibadili programu za kuandikia, mwaka 2006 ile ya kuingilia intaneti. Mfumo wenyewe, Ubuntu, ulianza kuingizwa mwaka 2008. Askari alipoletewa mfumo huo mgeni, alizikuta ndani yake zana alizokwisha kuzizoea.