Usalama wa Wazee Nyumbani: Kinga ya Ajali na Huduma ya Kwanza katika Nyanda za Juu za Kibondo na Kasulu

Mzee anapoteleza uani au kujikwaa kizingitini, jambo linaloonekana dogo linaweza kumwondolea uwezo wa kutembea kwa maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki dunia kila mwaka kutokana na kuanguka, na kwamba wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaoongoza katika vifo hivyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea.

Katika Wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, suala hili lina uzito wa pekee. Maeneo mengi ya wilaya hizo yapo katika nyanda za juu zenye miteremko, mvua za miezi mingi na asubuhi za baridi. Wazee wengi bado wanalima mihogo, maharage na mahindi, na wengine wanaishi na wajukuu pekee. Kutoka vijijini hadi Hospitali ya Wilaya ya Kibondo au Hospitali ya Kabanga, Kasulu, safari inaweza kuwa ndefu. Kwa sababu hiyo, aliye karibu na mzee, hata akiwa mwanafunzi, ndiye mtoa huduma wa kwanza.

Kuzuia kuanguka

Sehemu hatari zaidi ni njia ya chooni usiku, mlangoni, uani na njia ya kwenda kuchota maji. Wakati wa masika udongo huteleza. Kumwaga changarawe au kupanga mawe bapa kwenye njia ya choo hupunguza hatari hiyo. Choo cha shimo kiwekewe nguzo au mti imara wa kushikilia, kwa kuwa kuchuchumaa na kuinuka ni kazi ngumu kwa mwenye magoti dhaifu. Taa ndogo ya sola au tochi iwekwe mahali ambapo mzee anaweza kuifikia kabla hajashuka kitandani.

Mzee ashauriwe kuamka kwa hatua: akae kwanza ukingoni mwa kitanda kwa muda, kisha ndipo asimame. Dawa za shinikizo la damu na upungufu wa maji mwilini huweza kuleta kizunguzungu anaposimama ghafla. Kandambili zilizolika zibadilishwe, fimbo iwe na mpira chini, na macho yapimwe, kwa kuwa mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji.

Moto, moshi na sumu

Baridi ya nyanda za juu huwafanya baadhi ya watu kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua waliolala. Jiko libaki nje. Ndani zitumike blanketi na nguo nzito. Kibatari kisiwekwe karibu na chandarua, na kanga au kitenge kifungwe vizuri wakati wa kupika kwenye mafiga.

Viuatilifu visihifadhiwe katika chupa za soda au maji. Mzee mwenye macho hafifu hawezi kutofautisha chupa hizo, hasa usiku.

Mzee anapoanguka

Asiinuliwe kwa haraka. Aulizwe kwa upole anaumia wapi, na aombwe kusogeza mikono na miguu mwenyewe. Iwapo ana maumivu makali ya nyonga, au mguu mmoja unaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda mfupa umevunjika. Afunikwe asipate baridi, mguu uegemezwe kwa blanketi zilizokunjwa bila kuuvuta wala kuukanda, na asipewe chakula wala kinywaji kwa kuwa anaweza kuhitaji upasuaji. Asipakiwe kwenye bodaboda. Abebwe kwa machela au apelekwe kwa gari akiwa amelala.

Aliyegonga kichwa aangaliwe kwa makini hata kama anasema yuko salama. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au maumivu ya kichwa yanayozidi ni dalili za kuwahishwa hospitali. Dalili hizo zinaweza kujitokeza baada ya siku kadhaa.

Majeraha na dharura nyingine

Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kukandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi, bila kuachia kila mara ili kuchungulia.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta visipakwe.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe, na apelekwe hospitali mara moja. Kuchanja, kunyonya sumu na kufunga kamba kwa kukaza huongeza madhara.

Mdomo kupinda, mkono mmoja kulegea au maneno kutotamkika ghafla ni dalili za kiharusi. Asilishwe chochote, muda wa dalili kuanza ukumbukwe, na safari ya hospitali ianze bila kusubiri kesho.

Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Asiyepumua kawaida akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike.

Maandalizi ya kaya

Kila kaya yenye mzee inashauriwa kuweka mahali pamoja kitambaa safi, sabuni, tochi, dawa anazotumia na kadi yake ya kliniki. Namba za simu za jirani mwenye gari, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na zahanati ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza wazee wasio na uwezo kupatiwa matibabu bila malipo. Familia zinashauriwa kufuatilia utambuzi wa mzee wao katika ofisi ya kijiji au mtaa mapema, kwa kuwa siku ya ajali hakuna nafasi ya kutafuta barua.