Nafaka: Masurufu Yaliyogeuka Mtama

Kamusi zetu hulimaliza neno nafaka kwa alama moja tu: Kar., yaani Kiarabu. Alama hiyo ni sahihi, lakini imezaa hoja mbovu. Katika mijadala ya maneno ya mkopo husemwa kwamba neno la kigeni huja limefuatana na kitu chake. Meza ililetwa na Mreno, baisikeli ikaletwa na Mwingereza. Basi nafaka nayo, kama si mazao yenyewe, angalau fikra ya kuyaweka mazao hayo katika kundi moja ilishuka kutoka majahazi ya Waarabu. Hoja hiyo inakwama mapema. Mwarabu akitaka kutaja nafaka hasemi nafaqa, husema hubub. Nafaqa kwake ni matumizi ya nyumbani, hasa yale ambayo mume anawajibika kumpa mkewe na baba kuwapa wanawe. Umbo ndilo lililovuka bahari. Maana ya punje inabidi itafutwe upande huu.

Yapo yasiyohitaji ubishi, na sitayarefusha. Mzizi ni n-f-q, wenye maana ya kutoa au kutumia mali. (Mnafiki naye ametoka katika herufi hizo hizo, ingawa undugu wake wa kimaana na nafaka ni wa mbali.) Sauti q imekuwa k kama ilivyokuwa katika kadhi na wakati, jambo lisilotusaidia kujua neno liliingia lini. Wala hakuna anayeweza kudai kwamba pwani ilingoja jina la kigeni ndipo ile. Utafiti wa Sarah Walshaw uliochapishwa 2010 kuhusu mabaki ya mimea kisiwani Pemba unaonyesha uwele ukitawala katika tabaka za awali za Tumbe, kisha mpunga ukishika nafasi kubwa Chwaka kuanzia karne ya 11. Mtama, uwele, wimbi, mpunga: hakuna hata moja kati ya majina haya lililotoka Uarabuni.

Ubishi unaanzia kwenye swali la namna maana ilivyohama. Jibu jepesi ni kwamba matumizi ya nyumbani ni chakula, chakula kikuu ni nafaka, basi maana ikateleza yenyewe. Jibu hili halielezi chochote, kwa kuwa mteremko huo ungalikuwa wa kawaida, tungeuona kila neno hili lilikokopwa. Kituruki kinalo, tena kwa tahajia ile ile, nafaka, na hadi leo maana yake ni fedha anazolipwa mtalaka. Kiurdu kina nan-nafaqa, mkate na matumizi, msemo wa mahakamani. Kiindonesia kina nafkah, riziki na matunzo ya familia. Kote huko neno limebaki katika sheria ya ndoa. Kwa nini Waswahili peke yao walilitoa mahakamani wakalipeleka ghalani?

Jibu ninaloliona ni kwamba hawakulitoa mahakamani. Mahakama yao yenyewe ilikuwa inapima punje.

Pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi imefuata madhehebu ya Shafi. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliyataja madhehebu hayo, na kuhusu Mombasa akaongeza kwamba watu wake hawakulima nafaka bali waliletewa kutoka maeneo mengine ya pwani. Sasa tukitazame kitabu ambacho hakuna kadhi wa Kishafi asiyekijua, Minhaj at-Talibin cha Imam Nawawi, aliyefariki 1277. Katika mlango wa nafaqa, Nawawi halikadirii deni hilo kwa fedha. Anatamka mudi, yaani kipimo cha ujazo. Mume mwenye uwezo anadaiwa mudi mbili kwa siku, mwenye dhiki mudi moja, na wa kati mudi moja na nusu. Zitolewe katika chakula kinacholiwa zaidi na watu wa mji ule. Kisha linakuja sharti ambalo wachunguzi wa maneno wamelipita bila kulitazama: haki ya mke ni kumilikishwa chakula hicho kikiwa punje, na kwa kauli iliyopewa nguvu, gharama ya kusaga na kuoka nayo ni juu ya mume.

Kwa hiyo, katika sheria iliyotawala miji yetu, nafaqa na punje zilikuwa kitu kimoja kabla Mswahili hajaligusa neno. Kadhi wa Lamu au Kilwa akiamua kwamba fulani atoe nafaqa, kilichopimwa uani kilikuwa mtama, au mpunga kwa waliojaliwa. Anayesikiliza bila kujua Kiarabu angeelewa nini? Angeelewa alichokiona kikimiminwa. Wahanafi, ambao ndio wengi Uturuki na miongoni mwa Waislamu wanaosema Kiurdu, hawakupanga kiwango kwa mudi. Kwao kigezo ni kinachotosha. Huko neno lilibaki hewani, bila punje ya kulishikilia.

Nitaambiwa kwamba Indonesia nayo ni ya Kishafi, na nafkah haikuwa punje. Pingamizi hili ni zito kuliko yote, na linanilazimisha kuongeza sharti la pili: fiqhi ilifungua mlango, lakini lazima kuwe na haja ya kuingia. Katika ulimwengu wa Kimalayu punje iliyotawala ilikuwa moja, mpunga, yenye majina yake tangu shambani hadi sahani. Pwani yetu haikuwa hivyo. Chakula kinacholiwa zaidi kilibadilika kutoka mji hadi mji na msimu hadi msimu: uwele hapa, mtama pale, mchele kwa mabwana, na baadaye mahindi kila mahali. Deni lililoweza kulipwa kwa yoyote kati ya hivi lilihitaji jina la kuvikusanya vyote, na jina la deni lenyewe lilikuwa tayari mdomoni.

Wapo pia watakaouliza ni Waswahili wangapi walisoma Nawawi. Wachache sana. Lakini zakatulfitri hutolewa na kila nyumba yenye uwezo, na hutolewa kwa kipimo cha chakula cha mji. Kisheria ni swaa moja, ambayo ni mudi nne. Kwa Mswahili ni pishi moja, ambayo ni vibaba vinne. Sidai kwamba kibaba (kibaba kile kile cha methali) kilitokana na mudi. Ninachosema ni kwamba ngazi hizi mbili za vipimo zilikaa pamoja kila Ramadhani, na lugha ya wajibu wa kidini ikazoea kuishia kwenye punje.

Kwamba njia kama hii inapitika tunaona kwa neno posho, ambalo halikuhitaji kadhi. Posho ilikuwa mgawo wa chakula wa mpagazi na, baadaye, wa kibarua wa mashamba na reli. Uganda imekuwa chakula chenyewe, ugali wa mahindi. Kenya kinu cha kusagia mahindi kimebaki kinu cha posho. Tanzania imekwenda upande wa pili kabisa: posho ni fedha, na wabunge hutuhumiwa kuzipenda posho za vikao bila mtu yeyote kuwazia unga. Mgawo wa aina moja, kutegemea ulipimwa kwa nini na nani aliupokea, ukawa chakula huku na fedha kule. Nafaka ilifuata tawi la kwanza, na aliyeipokea, kwa sehemu kubwa, alikuwa mke.

Kiswahili kimelikopa neno hili mara mbili. Katika darsa za fiqhi mwalimu hutamka nafaqa kwa q nzito, akimaanisha haki ya mke, ambayo mitaani huitwa matumizi au masurufu; wanafunzi hawaihusishi na gunia la mtama. Kamusi ijayo ingefaa iyaandike maneno hayo mawili bega kwa bega, na mbele ya lile lenye k, baada ya Kar., iongeze kwamba maana yake ni ya pwani.