Mashua Zenye Mabawa: Kisangani na Chimbuko la Ndege ya Kujiundia

Historia ya usafiri wa anga katika Makiso, komini iliyo kitovu cha utawala na biashara cha mji wa Kisangani, husimuliwa kwa kawaida kama historia ya vyombo vilivyoletwa na wengine: kwanza vya koloni, kisha vya majeshi, na hatimaye vya makampuni. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanaacha pembeni jambo lenye uzito kwa yeyote anayetafuta msukumo wa kuwa na ndege ya kujiundia, yaani ndege ndogo ya mtu mmoja au wawili ambayo mwenyewe huiunda kwa mikono yake, kwa kufuata mchoro, na kwa gharama anayoweza kuimudu. Jambo hilo ni kwamba ndege za kwanza kufika mjini hapa kwa ratiba zilikuwa mashua za mbao zilizotiwa mabawa, nazo zilitua kwenye mto ambao wakazi wa kingo zake walikuwa mafundi wa mbao na wa maji kwa vizazi vingi. Kwa hiyo msukumo unaotafutwa mbali una chimbuko karibu, mradi itambuliwe pia ni kitu gani ufundi huo wa mtoni haukuwa nacho.

Mji wenyewe ulikuzwa na haja ya kubadilisha vyombo vya safari. Meli zinazopanda Mto Kongo kutoka Kinshasa husafiri kiasi cha kilomita 1,700, na hapo huzuiwa na maporomoko ya Boyoma, ambayo ni saba kwa idadi, hivi kwamba kila mzigo unaoelekea juu ya mto hulazimika kushushwa na kutafutiwa njia nyingine. Ni kwa sababu hiyo kituo cha mvumbuzi Stanley kilianzishwa hapo mwezi Desemba 1883, na kwa sababu hiyo hiyo ilijengwa reli ya kilomita 125 hadi Ubundu, iliyokamilika mwaka 1906. Kabla ya kituo na reli, Wagenia, wavuvi wa maporomoko hayo, walikuwa wamekwisha kuyatawala maji hayo kwa namna yao, kwa kusimika katikati ya mkondo majukwaa ya miti iliyofungwa kwa kamba za msituni, ambayo kutoka kwake huning'inizwa madema makubwa ya kunasia samaki. Jukwaa la aina hiyo halidumu kwa unene wa miti yake peke yake. Hudumu kwa sababu kila mti umewekwa mahali ambapo unapokea msukumo wa maji na kuupeleka kwenye mti mwingine hadi kwenye mwamba, na kanuni hiyo ya kugawa mzigo kati ya viungo vyembamba ndiyo kanuni inayoliwezesha bawa la ndege kubeba.

Ndege zilifika kupitia mto huo huo. Tarehe 1 Julai 1920 Wabelgiji walifungua sehemu ya kwanza ya njia iliyoitwa kwa jina la Mfalme Albert na kufupishwa kuwa LARA, kutoka Kinshasa hadi Ngombe. Mwezi Machi 1921 iliongezwa hadi Lisala, na mwezi Julai mwaka huo ikafika Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa hadi mwaka 1966. Chombo kilichotumika kilikuwa Lévy-Lepen, ndege-mashua ya Kifaransa, yaani ndege ambayo kiwiliwili chake ni mashua inayoelea, yenye mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya lingine, nafasi tatu za kukaa na injini ya Renault ya nguvu za farasi 300. Kwa kuwa mto ulikuwa ndio uwanja, hakukuwa na haja ya kufyeka msitu wala kusawazisha ardhi, na safari iliyochukua majuma kwa meli ilifanyika kwa siku chache. Hata hivyo huduma ilikoma mwezi Juni 1922, baada ya muda usiotimia miaka miwili, kwani vyombo vya mbao, kitambaa na gundi vilivyoundwa kwa hali ya hewa ya Ulaya vilivumilia kwa shida joto na unyevu wa ikweta, na gharama za kuviendesha zilikuwa kubwa.

Kushindwa huko kunastahili kuchunguzwa, kwa sababu kunaonyesha mahali ambapo ufundi wa mashua na ufundi wa ndege hukutana na mahali ambapo huachana. Mtumbwi huchongwa katika gogo moja na hupata nguvu kutokana na unene wake, ilhali balenieri, yaani mashua ndefu ya mbao inayobeba abiria na mizigo kwenye Mto Kongo, huunganishwa kwa mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma, nayo ndiyo jamaa wa karibu wa ndege ya mbao, ambayo bawa lake ni mhimili mrefu uliovishwa mbavu nyembamba na kufunikwa kwa kitambaa kilichokazwa. Tofauti ni kwamba fundi wa balenieri akikosea kwa kilo kumi, mto humsamehe, lakini fundi wa ndege akikosea kwa kiasi hicho hicho, hasa kama kosa limeangukia mkiani, kitovu cha uzito huhama, yaani ile nukta ambayo chombo kikining'inizwa hapo hukaa sawasawa, na chombo hukosa kutii usukani.

Wakati njia ya LARA inafunguliwa, wazo la ndege ya mtu wa kawaida lilikuwa limeshazaliwa kwingineko. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Paris, alirusha mwaka 1909 ndege ndogo iliyoitwa Demoiselle, ambayo kiwiliwili chake kilikuwa cha mianzi, na badala ya kuikinga kwa hataza aliacha michoro yake itumiwe na yeyote. Mwaka 1910 gazeti moja la ufundi la Marekani liliichapisha. Huko Minnesota, mwaka 1929, Bernard Pietenpol alifanikiwa kurusha ndege ya mbao kwa injini ya gari la Ford Model A, ya nguvu za farasi zipatazo 40, na michoro yake, iliyochapishwa mwaka 1932, inafuatwa hadi leo. Nchini Ufaransa, Henri Mignet aliirusha mwaka 1933 ndege yake ya Pou-du-Ciel, yenye injini ya nguvu za farasi 17 tu, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kiliwafanya mamia ya watu wasio wahandisi kuanza kuranda mbao majumbani. Ndege hizo tatu zilitofautiana kwa umbo, lakini zote zilijengwa juu ya nguzo zile zile: vifaa vinavyopatikana karibu, injini isiyo ghali, na mchoro uliowekwa wazi.

Historia ya Mignet ina upande wa pili, ambao mwenye kutafuta msukumo hana budi kuusoma kwa makini sawa na ule wa kwanza. Kati ya mwaka 1935 na 1936 ajali kadhaa ziliua marubani wa Pou-du-Ciel, na chombo kilipopimwa katika handaki la upepo, yaani bomba kubwa ambamo hewa hupulizwa kwa kasi kukizunguka chombo kilichofungwa, ilionekana kwamba pua ikiinama kupita kiasi fulani, hewa inayopita kati ya mabawa mawili huizidisha kuinama na rubani hawezi kuinyanyua tena. Serikali zilizuia ndege hizo zisirushwe, michoro ikasahihishwa, na wajenzi wakajifunza kwamba ari bila kipimo huua. Mafunzo ya namna hiyo ndiyo yaliyofanya vyama vya wajenzi viwe vya lazima, mojawapo kikiwa kile alichokianzisha Paul Poberezny huko Milwaukee mwaka 1953, ambamo kosa la mmoja huandikwa ili lisirudiwe na mwingine.

Ni kweli kwamba katika Stanleyville ya miaka hiyo hapakuwa na nafasi ya jambo kama hilo kwa Mkongo. Ndege ilikuwa mali ya dola na ya Sabena, shirika la Ubelgiji lililoundwa mwaka 1923, na elimu ya juu ilizuiliwa kiasi kwamba kufikia uhuru mwaka 1960 nchi nzima ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiozidi 30. Baada ya hapo anga likawa mlango wa vita. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka kutoka ndege za Marekani juu ya uwanja wa Simi-Simi, na tangu mwaka 1998, nchi ilipogawanyika na mto kufungwa, mji uliishi kwa ndege za mizigo huku majeshi ya kigeni yakishindania udhibiti wake, hadi yakapigana ndani yake kwa siku sita mwezi Juni 2000 na kuua mamia ya raia. Kwa kizazi kizima, mngurumo wa angani ulikuwa sauti ya nguvu za wengine.

Lakini miaka hiyo hiyo ya dhiki ndiyo iliyothibitisha uwezo wa mji wa kujiundia usafiri. Magari na mafuta vilipoadimika, baiskeli ilitiwa kiti laini nyuma na kuwa teksi inayoitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya twende tupite, na mto ulipofunguliwa tena, balenieri zenye injini zilizofufuliwa na mafundi wa kienyeji zikabeba watu na bidhaa mahali ambapo meli kubwa zilikuwa zimeoza. Kwingineko nchini, mhandisi Jean-Patrice Keka alirusha kuanzia mwaka 2007, huko Menkao karibu na Kinshasa, roketi zake za Troposphere, na kila jaribio, hata lile la mwaka 2009 ambalo roketi ilipotoka njia, lilimpa hesabu za jaribio lililofuata. Fundi wa toleka hubuni na mhandisi wa Menkao hupima. Ndege ya kujiundia huwataka wote wawili wakae karakana moja.

Karakana hiyo, kama itasimama Makiso, itaanza na maswali yanayojibika. Msonobari wa sitka, ambao wajenzi wa Marekani na Ulaya huutumia kwa mihimili ya mabawa, una uzito wa kilo 430 hivi kwa kila mita ya ujazo, ilhali sapeli na mvule, zinazotiririka kutoka misitu ya mkoa wa Tshopo kwenda kwenye masoko ya mbao, hupita kilo 600, kwa hiyo mchoro wa kigeni hauwezi kufuatwa kwa mbao za hapa bila unene wa kila kipande kuhesabiwa upya. Elimu ya kuhesabu hivyo haiko mbali: Yangambi, chini kidogo ya mto, kuna maabara ya biolojia ya mbao, na Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kiko ndani ya Makiso yenyewe. Gundi za leo zinazostahimili maji hazikuwapo mwaka 1922, na injini ndogo nyepesi ni za kawaida kuliko wakati wowote. Sheria nayo ina nafasi yake, kwani hakuna chombo kinachopaswa kuruka bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na daftari la vipimo ndilo ushahidi ambao mkaguzi anaweza kuusoma.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha kununuliwa na karakana hiyo, kabla ya injini na kabla ya kitambaa cha mabawa, ni mizani, pamoja na daftari la kuandika uzito wa kila ubao unaoingia. Fundi wa balenieri anayepima ubao wake wa kwanza na kuuandika anakuwa ameongeza juu ya urithi wa mto kitu kile kimoja ambacho mto haukuwahi kumdai.