Kuchagua skana ya bei nafuu kwa nyumba au ofisi ndogo: mambo ya kupima kabla ya kulipa

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, steshenari za Ilula hujaa. Vijana hutoka Image, Irole na Uhambingeto wakiwa na bahasha zao: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na cha sita, fomu zenye sahihi na mihuri. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hupokea maombi kwa njia ya mtandao, na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hufanya vivyo hivyo kupitia Ajira Portal. Maana yake, kila karatasi lazima igeuzwe kuwa faili kwanza. Namba ya cheti isiposomeka, au mhuri ukionekana kama doa, anayepata hasara ni mwombaji. Atarudi kuskani upya na kulipa upya, na huenda siku ya mwisho ikawa imepita.

Ndiyo sababu wapo wanaofikiria kununua skana yao wenyewe: mwenye steshenari, katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa nyanya, ofisi ya shule, usharika, au familia yenye watoto kadhaa wanaosoma. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kuipima skana ya bei nafuu. Hoja yetu kubwa ni kwamba namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi si jambo la kwanza la kutazama. La kwanza ni kazi utakayoipa mashine hiyo, na la pili ni kompyuta na umeme ulionao.

Skana ya kioo na kamera ya simu

Tunayoizungumzia ni ile yenye kioo bapa na mfuniko. Karatasi hulazwa kifudifudi juu ya kioo, na chini yake kifaa chenye taa hutembea kutoka upande mmoja hadi mwingine kikisoma mstari baada ya mstari.

Wengi huuliza kama simu haitoshi. Kwa karatasi moja inayotumwa kwa ndugu, simu inatosha, hasa ukitumia programu ya kuskani badala ya kupiga picha ya kawaida. Lakini simu huleta kivuli cha mkono, pembe zilizopinda, na mng'ao wa taa kwenye karatasi iliyowekewa plastiki. Skana huilaza karatasi sawasawa, taa yake haibadiliki, na vipimo hubaki kama vilivyo. Ukiwa na karatasi 40 zinazotakiwa kufanana, tofauti hiyo utaiona.

CIS na CCD

Skana za kioo ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza huitwa CIS. Kisomaji chake kina upana wa karibu ukurasa mzima, kinakaa karibu kabisa na kioo, na hutumia taa ndogo za LED. Skana hizi ni nyembamba na nyepesi, na nyingi hupata umeme wake wote kupitia waya wa USB. Canon LiDE 300, LiDE 400 na Epson Perfection V39 ni za aina hii. Hizo mbili za Canon zina uzito wa kilo 1.7 kila moja.

Ya pili ni CCD. Hii hutumia vioo vya kuakisi na lenzi, kwa hiyo ni nene zaidi na huhitaji adapta yake ya umeme. Epson Perfection V600 ni mfano, na inaweza pia kuskani negativu za picha za zamani.

Kikazi, tofauti iko kwenye kina. CIS huona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Ukiweka leja nene ya ushirika, maneno ya katikati, pale kurasa zinapokutana, yatafifia au kuwa meusi. CCD huvumilia nafasi hiyo ndogo. Kama kazi yako ni vyeti, fomu, risiti na vitambulisho, CIS inatosha na gharama yake ni ndogo. Kama ni vitabu vilivyojalidiwa au negativu, tafuta CCD.

Namba ya dpi isikutishe

Kwenye boksi utaona 2400 au 4800 dpi, yaani idadi ya nukta ambazo mashine inaweza kusoma katika kila inchi. LiDE 300 ni ya 2400, LiDE 400 ni ya 4800. Lakini hati ya kawaida huhitaji 300 tu. Picha ya karatasi unayotaka kuikuza inahitaji 600. Namba za juu zaidi ya hapo zina maana kwa vitu vidogo sana kama negativu.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukurasa wa A4 kwa 300 dpi una pikseli 2480 kwa 3508. Kwa rangi, hiyo ni karibu megabaiti 26 kabla faili haijabanwa. Ukipandisha hadi 600 dpi, faili inakuwa kubwa mara nne, karibu megabaiti 104. Mifumo ya maombi huweka ukomo wa ukubwa wa faili, kwa hiyo dpi kubwa inaweza kukukwamisha badala ya kukusaidia. Tazama pia kama namba iliyotajwa ni ile ambayo mashine inaisoma kweli, au ni ile ambayo programu inaikuza kwa kukisia. Ya pili haiongezi chochote kwenye hati.

Kitu kimoja tunakisisitiza: hati yenye mhuri iskaniwe kwa rangi. Mhuri wa bluu au zambarau uliopita juu ya maandishi meusi hupotea kirahisi ukiskani kwa nyeusi na nyeupe.

Umeme na kompyuta

Mahali umeme unapokatika, skana inayotegemea USB ina faida ya wazi. Ikiunganishwa na kompyuta mpakato yenye chaji, kazi inaendelea. Angalia pia aina ya waya. LiDE 400 hutumia USB-C, ambao ni rahisi kupata. LiDE 300 hutumia USB Mini-B, waya ambao hauko tena kila duka.

Kisha uliza kuhusu draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua skana. Hapa ndipo wanunuzi wa mitumba huumia. Skana nzima kabisa iliyotengenezwa enzi za Windows XP inaweza isitambuliwe na Windows 11. Zipo programu za kuokoa baadhi ya skana za zamani: VueScan, ambayo hulipiwa, na SANE kwa wanaotumia Linux, ambayo ni ya bure. Hata hivyo, thibitisha kwanza kwamba modeli yako imo kwenye orodha zao.

Wengine hununua mashine ya tatu kwa moja, inayochapa, kutoa kopi na kuskani. Ni chaguo zuri kwa ofisi ndogo, lakini uliza kama itaskani hata wino ukiisha, kwa sababu baadhi hukataa.

Jaribu kabla ya kulipa

Nenda dukani na kompyuta yako mwenyewe, karatasi nyeupe, rula, kitambulisho na kitabu kinene. Kisha fanya haya:

1. Skani karatasi nyeupe tupu. Mstari mwembamba unaokwenda urefu wote wa ukurasa unaonyesha vumbi ndani ya mashine au kisomaji kibovu.

2. Skani kitambulisho kwa 300 dpi, kikuze kwenye skrini, usome herufi ndogo kuliko zote.

3. Skani rula kwa 300 dpi. Sentimita 20 zinatakiwa kuwa karibu pikseli 2362. Zikizidi au kupungua sana, mwendo wa kisomaji si sawa.

4. Fungua kitabu katikati, ukiskani, uone maneno yanapoanza kufifia.

5. Sikiliza. Mlio wa kusuasua au kugonga si dalili njema.

Ukinunua Dar es Salaam na kuipandisha skana kwa basi kupitia Kitonga, uliza kama ina kufuli ya usafiri, ambayo mara nyingi huwa chini ya mashine. Ifunge kabla ya safari na uifungue kabla ya kuwasha. Ukifika, iweke mbali na mlango unaoingiza vumbi la barabarani. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini, na kama unatumia maji, lowesha kitambaa, usimwagie kioo.

Hesabu ya mwenye steshenari

Tuseme skana imekugharimu shilingi 300,000 na unatoza shilingi 500 kwa ukurasa. Itabidi uskani kurasa 600 ili kurudisha pesa ya mashine peke yake, kabla ya umeme, kodi ya pango na bando la intaneti. Kwa steshenari yenye wateja hilo linawezekana. Kwa familia inayoskani kurasa 30 kwa mwaka, kulipia steshenari ni nafuu zaidi.

Pima pia muda. LiDE 300 husoma ukurasa wa A4 kwa sekunde zipatazo 10 kwa 300 dpi. Ongeza muda wa kufunua mfuniko na kubadilisha karatasi. Ofisi yenye mamia ya karatasi kila siku inahitaji mashine inayovuta karatasi yenyewe.

Karatasi za watu ni siri za watu

Baada ya kuskani, vyeti vya wateja hubaki kwenye kompyuta ya steshenari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wazilinde. Mwenye duka afute mafaili mteja anapomaliza. Mteja naye aombe yafutwe mbele yake, na akague flashi yake kabla ya kuondoka.

Tukumbushe pia kwamba kuskani si kuthibitisha. Nakala inayotakiwa kuwa na mhuri wa wakili igongwe mhuri kwanza, ndipo iskaniwe. Na cheti halisi kirudi kwenye bahasha yake. Kila msimu wa maombi wapo wanaokisahau chini ya mfuniko, kwa hiyo ufunue mfuniko mara ya mwisho kabla ya kuondoka.