Namna Mtumiaji Alivyopata Uhuru wa Kuchagua Rangi za Msimbo

Uangaziaji wa sintaksia, yaani ufundi wa kuyapa maneno ya msimbo wa kompyuta rangi tofauti kulingana na kazi yake, una deni kwa watunga kamusi, kwa kuwa mwaka 1985 Mike Cowlishaw wa kampuni ya IBM alitengeneza LEXX, kihariri kilichokusudiwa kazi ya kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, ambacho kiliyachambua maandishi papo hapo yalipokuwa yakichapwa na kuzitofautisha sehemu zake kwa rangi. Hata hivyo, rangi anayoipenda mtengenezaji haimfai kila msomaji: buluu iliyokoza husomeka vizuri juu ya weupe lakini hupotea juu ya weusi, na takriban mwanamume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya Kaskazini huzaliwa na udhaifu wa kutofautisha nyekundu na kijani.

Ufumbuzi ulipatikana pale mambo mawili yalipotenganishwa, yaani kutambua neno ni la aina gani, na kuamua aina hiyo ipewe rangi gani. GNU Emacs, kihariri kilichoanzishwa na Richard Stallman, ilizipa aina hizo majina yanayobeba sifa za rangi na unene wa herufi, ambazo mtumiaji aliweza kuzibadilisha. Vim, kihariri cha Mholanzi Bram Moolenaar, ilifuata njia hiyo hiyo kwa utaratibu ulio wazi sana: toleo la 5.0 la mwaka 1998 liliyaelekeza maneno ya kila lugha ya programu kwenye makundi machache ya pamoja, kama vile maoni, ambayo ni maelezo yasiyotekelezwa na kompyuta, na toleo la 6.0 la mwaka 2001 likaleta mandhari za rangi, yaani faili ndogo zinazoyapangia makundi hayo rangi, kiasi kwamba mandhari moja huzihudumia mamia ya lugha ambazo mwandishi wake hazijui. Uamuzi huo wa usanifu unastahili heshima zaidi kuliko rangi yoyote iliyowahi kubuniwa.

Baadaye ubunifu wa mandhari ukawa fani kamili. Wimer Hazenberg alibuni Monokai mwaka 2006 kwa ajili ya kihariri cha TextMate, na mwaka 2011 Ethan Schoonover akatoa Solarized, yenye rangi 16, ambamo rangi 8 za mkazo hubaki zile zile iwe mandharinyuma ni nyeupe au nyeusi. Visual Studio Code, kihariri kilichotolewa na Microsoft mwaka 2015, ilirithi kutoka TextMate namna ya kuyaainisha maneno, ikamruhusu mtumiaji kurekebisha aina moja tu kwa mistari michache ya mipangilio, hivyo asiyetofautisha nyekundu na kijani huzibadilisha hizo mbili na kuziacha nyingine zilivyo.