Mapunye: kutoka mionzi ya Paris hadi kidonge

Mtoto mwenye mapunye hunyolewa, hupakwa mafuta, na baada ya mwezi yale mabaka ya duara yanarudi palepale. Kambini, ambako watoto wanne ao watano hulala kwenye mkeka mmoja, wazazi wengine husema ni laana, ao ni uchafu wa mama.

Siyo laana. Ni kuvu, ile ambayo mganga David Gruby aliiona kwa mikroskopu huko Paris katika miaka ya 1840. Kwenye mkono ao mgongo, mafuta ya dawa hutosha mara nyingi. Kichwani, kuvu hushuka ndani ya shina la unywele, na mafuta hayafiki huko.

Basi waganga wakatafuta namna ya kuangusha nywele pamoja na kuvu yake. Mwaka 1904, Raymond Sabouraud wa Paris akaweka utaratibu wa kupiga kichwa cha mtoto mionzi, ile ya kupigia picha za mifupa. Nywele zilianguka kisha zikaota safi. Watu wakashangilia.

Gharama ilikuja baadaye, tena kwa waliokwisha kuhangaika. Huko Israeli, katika miaka ya 1950, maelfu ya watoto wa familia zilizohama kutoka Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati walipigwa mionzi hiyo. Mwaka 1974 Baruch Modan na wenzake wakaonyesha kwamba walipata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo kuliko ndugu zao ambao hawakupigwa. Sheria ya fidia ilipita mwaka 1994. Miaka 20!

Na dawa ilikuwapo. Griseofulvini, inayotoka kwenye kuvu nyingine, ilipatikana London mwaka 1939, lakini ni mwaka 1958 ndipo J. C. Gentles wa Glasgow alipowamezesha simbilisi wagonjwa, wanyama walewale wanaofugwa jikoni Kivu. Wakapona. Dawa hiyo hupita damuni na kuingia unywele tangu chini.

Kwa hiyo mtoto wa mapunye huhitaji dawa ya kumeza, kwa agizo la muuguzi, wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta. Maji ya betri na petroli huunguza ngozi tu. Familia inayolazimika kukimbia kabla ya wiki hizo kuisha ibebe vidonge vilivyobaki, na kitana cha mtoto huyo kiwe chake peke yake.